Madaktari Weusi wa Marekani

Mgonjwa anapofika zahanati, mganga humwuliza maswali kabla ya kumpima. Mgonjwa akimwogopa mganga, huficha mambo, na ugonjwa haujulikani. Kwa hiyo ni jambo kubwa nani anakaa upande wa pili wa meza. Katika somo hili tutasoma habari za Marekani, ambako jambo hilo limewasumbua watu weusi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wazee wa watu hao walichukuliwa Afrika wakauzwa utumwani. Utumwa ulipigwa marufuku nchini kote mwaka 1865. Watu weusi walihitaji madaktari, lakini vyuo vingi vya udaktari havikuwapokea. Ndipo vikafunguliwa vyuo vya kuwapokea. Howard, mjini Washington, kilianza kufundisha udaktari mwaka 1868, na Meharry, mjini Nashville, mwaka 1876. Vingine vikafuata.

Mwaka 1910 mwalimu mmoja, Abraham Flexner, alitoa taarifa juu ya vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada. Alikuta vyuo vingi vibovu, vya weupe na vya weusi, na vingine havikuwa na maabara ya maana. Kwa hilo hatumlaumu, maana daktari asiyefundishwa vizuri huua. Lakini katika vyuo saba vya weusi, alishauri viwili tu viendelezwe: Howard na Meharry. Tena aliandika kwamba daktari mweusi afundishwe usafi kuliko upasuaji. Sababu mojawapo aliyotoa ni kwamba weusi huishi karibu na weupe, na maradhi huambukiza!

Chuo kibovu chaweza kutengenezwa kikipewa fedha. Hivi havikupewa. Ilipofika mwaka 1923, vyote vitano vilikuwa vimefungwa, na vyuo vingi vya weupe bado viliwakataa weusi. Mwaka 2020 wataalamu walipiga hesabu wakaona kwamba vyuo vile vitano, kama visingefungwa, vingeweza kutoa madaktari zaidi ya 35,000.

Hata waliofaulu walipata taabu. Vyama vingi vya madaktari, hasa vya kusini, viliwakataa, na asiye mwanachama mara nyingi hakuruhusiwa kulaza mgonjwa wake hospitali. Madaktari weusi walikuwa wameunda chama chao wenyewe mwaka 1895. Chama kikuu cha madaktari cha Marekani kiliwaomba radhi mwaka 2008.

Wagonjwa nao walikuwa na sababu ya kuogopa. Tangu 1932 hadi 1972, katika jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali iliwachunguza wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwatibu. Waliambiwa wana "damu mbaya". Dawa ya penisilini ilijulikana tangu miaka ya 1940 kuwa inaponya kaswende, lakini wao hawakupewa.

Je, daktari akiwa mweusi huleta tofauti? Jaribio moja lilifanywa mjini Oakland, California, na matokeo yake yalichapwa mwaka 2019. Wanaume weusi zaidi ya 1,300 waliandikishwa, wengi wao kwenye maduka ya vinyozi. Zaidi ya 600 walifika kliniki. Kila mmoja alipangiwa daktari kama kwa kura, mweusi au wa rangi nyingine. Kwanza alionyeshwa picha ya daktari, akaulizwa anataka vipimo gani. Hapo hapakuwa na tofauti kubwa. Kisha akakaa na daktari wakazungumza. Waliozungumza na daktari mweusi walikubali vipimo zaidi, hata vya kutolewa damu, kama kile cha kisukari. Wengi wao walitaja na matatizo mengine ya mwili. Angalia vizuri: picha peke yake haikutosha. Kazi ilifanywa na mazungumzo.

Leo, katika kila Wamarekani 100, weusi ni 13 hivi. Katika kila madaktari 100, weusi hawafiki 6. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilivikataza vyuo kuangalia rangi ya mwombaji. Mwaka uliofuata, wanafunzi weusi walioanza masomo ya udaktari walipungua.

Maswali

1. Tangu madaktari weusi walipounda chama chao hadi walipoombwa radhi, ilipita miaka mingapi?
2. Kwa nini vyuo vile vitano vilifungwa? Je, palikuwa na njia nyingine?
3. Katika kijiji chenu, ni mambo gani ambayo mgonjwa huona vigumu kumweleza mganga? Jadilianeni.