SOMO LA BIOLOJIA: SABABU GANI MAKAKO, NA SI SOKOMUTU?



Tangu mwaka wa 2006 kuko hapa Lubumbashi, karibu na zoo, makao ya J.A.C.K. Wanalea mule sokomutu walionyanganywa kwa wachuuzi wa nyama wa pori. Wale kati yetu waliokwenda kuwaangalia wanajua: mikono, macho, hata namna ya kukasirika, yote ni sawa yetu. Basi ulizo linakuja lenyewe. Kama munganga anatafuta dawa ya SIDA, na hawezi kuijaribu kwanza kwa mutu, si atatwaa sokomutu?

Wataalamu wa Marekani walifikiri vile vile. Kuanzia mwaka wa 1984 waliingiza VIH katika damu ya sokomutu, na hesabu yao ikapita 100. Kirusi kiliingia kweli, na damu ilionyesha alama yake. Kisha wakangoja ugonjwa. Wakangoja sana! Sokomutu karibu wote waliendelea kula na kupigana sawa kawaida. Mmoja wa kituo cha Yerkes, kule Atlanta, alipata SIDA kamili katika mwaka wa 1996, kisha miaka kama 10 ya kuwa na kirusi. Sasa, ukimpa dawa nyama asiyegonjwa, utajua namna gani kama dawa imeponyesha?

Ndiyo maana katika biolojia nyama wa mfano si yule anayefanana nasi kwa sura. Ni yule ambaye ugonjwa unatembea ndani yake kwa njia ile ile unayotembea ndani ya mutu.

Huyo alipatikana kwa makako. Kwetu kila nyani mudogo tunamuita makako, lakini hapa tunasema makako wa kweli, wa inchi za Asia. VIH yenyewe haimuwezi, kwa sababu ndani ya seli zake kuko protini inayoifunga kabla haijazaa. Lakini VIH ina ndugu, jina lake SIV. Nyani mumoja wa Afrika ya Magharibi anaitwa mangabey, anabeba SIV maisha yake yote pasipo shida. Katika vizimba vya Marekani SIV hiyo ilimuhamia makako, ambaye mababu zake hawakukutana nayo hata siku moja, na makako wakaanza kufa. Mwaka wa 1985 wataalamu waliitambua. Seli za kinga zinapunguka, magonjwa mengine yanaingia, nyama anakonda: ni SIDA ile tunayoijua.

Matunda yake tunayo hapa mujini. Mwaka wa 1995 wataalamu walitangaza kwamba walipima dawa ya tenofovir kwa makako. Wengine walipewa siku mbili mbele ya kuingiziwa SIV, wengine saa chache ao siku moja nyuma yake, na waliendelea nayo kwa majuma ine. Wote waliopewa waliokoka. Wasiopewa waliambukizwa wote. Toka mwaka wa 2001 tenofovir inatolewa kwa watu, na leo imo ndani ya kinini kile wagonjwa wengi wa Kongo wanameza kila siku. Njiani tunasikia watu wakisema: « Ile dawa ni ya nyama, haiko ya mutu. » Maneno hayo ni hatari. Mugonjwa akiyasikiliza na kuacha kinini, kirusi kilichokuwa kimelala kinaamka. Ilipimwa kwa nyama, kisha ilipimwa tena kwa watu, kwa miaka, mbele ya kukubaliwa.

Hatusemi kama makako hadanganyi. Chanjo moja iliyowasaidia makako fulani ilipelekwa kwa watu waliojitolea, katika Amerika na vilevile katika Afrika ya Kusini. Mwaka wa 2007 ilisimamishwa: haikukinga, na kati ya wanaume wengine waliochanjwa ndio walioambukizwa zaidi. Makako walikuwa wamejaribiwa na kirusi kilichotengenezwa ku labo, na kile kilikuwa rahisi kuzuia kuliko VIH ya kweli.

Na sokomutu? Ngambo ya ziwa Tanganyika, katika pori la Gombe, wataalamu walikusanya mavi na mikojo yao chini ya miti, pasipo kumufunga hata mumoja. Mwaka wa 2009 walionyesha kwamba sokomutu wenye SIV yao wenyewe wako katika hatari ya kufa mara 10 hata 16 kupita wenzao wa umri ule ule. Kumbe anagonjwa, lakini si kwa kirusi chetu! Serikali ya Marekani iliacha kulipia majaribio juu ya sokomutu mwaka wa 2015, na tunaona walichelewa.

Maulizo ya kujibu katika daftari: Sababu gani mangabey hafai kuwa mfano wa SIDA, ijapokuwa ana SIV? Panya hashikwi na VIH. Wataalamu wanamupa seli za damu za mutu. Atatufundisha nini, na nini hawezi kutufundisha?