Kisima cha Yakobo na visima vya Usoke

Vijana wenzangu, kwetu Usoke mvua ina msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili, na siku hizi haitabiriki. Maji ya kiangazi ni yale ardhi iliyoyatunza. Tukifyeka miombo kupata kuni za mabani ya tumbaku, mvua inateremka juu juu na kwenda zake, kisima kinakauka. Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), alifundisha kwamba maji safi ni haki ya kila mtu. Basi kufyeka hovyo ni kumnyima jirani haki yake, hata kama shamba ni lako. Yesu alipochoka alikuta kisima cha Yakobo kwa sababu kuna waliokitunza. Watakaotufuata watakuta nini? Jumuiya yako ipande miti ya asili kisimani, siyo mikaratusi, maana hiyo inakunywa mno.