SOMO: KUWATIA MOYO WANAFUNZI WALIO KATIKA SAFARI YA INJILI NCHI ZA NJE

Maandiko ya kusoma: Matendo ya Mitume 12:12, 12:25, 13:1-13 na 15:36-41.



Kila mara tunapowatuma vijana wa masomo kwenda kuhubiri katika inchi nyingine, tunafanya vizuri mambo mawili: tunafunga na kuomba, tena tunatoa sadaka ya njia. Jambo la tatu tunalisahau. Ni nani atakayewafundisha wakiwa huko, na kijana akivunjika moyo katikati ya safari, tutamfanya nini?

Tumwangalie Yohana Marko. Mama yake aliitwa Maria, na nyumba yake ilikuwa Yerusalemu. Ilikuwa na mlango wa inje na mtumishi wa kike wa kuufungua, ndipo waamini walipokusanyika kuomba usiku Petro alipokuwa gerezani. Basi Marko ni mtoto wa nyumba ya maombi. Alikua akisikia nyimbo na kuona mitume wakiingia na kutoka. Wengi wetu tungesema: huyu yuko tayari, apewe mfuko wake aende.

Aliondoka Antiokia pamoja na Paulo na Barnaba, akiwa msaidizi wao. Walivuka bahari mpaka Kipro, inchi ya kuzaliwa ya Barnaba, wakaanzia Salami na kufika Pafo. Hapo mambo yalikuwa bado mepesi, kwa sababu Barnaba alikuwa nyumbani kwao. Kisha wakavuka tena mpaka Perga. Mbele yao ilikuwa milima ya Tauro na watu wasiowajua. Marko akarudi Yerusalemu. Andiko halisemi sababu, na sisi tusimtungie moja. Tujue tu kwamba alirudi mahali pale ambapo njia iligeuka kuwa ya kigeni kabisa.

Wanafunzi wetu nao wana Perga yao. Kijana wa Lubumbashi akivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, siku za kwanza anafurahi, maana Kibemba anakisikia hata kwao Katanga. Lakini karatasi za serikali ni za Kiingereza, naye amesoma kwa Kifaransa. Magari yanapita upande wa kushoto (mfundisheni jambo hili kabla ya mahubiri yoyote, maana ataangalia upande usiofaa akivuka barabara!). Franka zake hazinunui mkate. Juma la pili anaamka usiku na kujiuliza kama kweli Mungu alimwita. Mtu huyu hana dhambi ya kutubu. Amechoka, na anahitaji mkubwa wa kukaa naye.

Sasa tazameni vita kati ya Paulo na Barnaba. Paulo alitaka kurudi kuona makanisa waliyoyaanza. Barnaba akataka kumchukua Marko tena. Paulo akakataa, kwa sababu aliwaacha njiani. Wakashindana kwa ukali hata wakaachana. Paulo alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mtu anayeacha wenzake katikati ya kazi anawaongezea mzigo. Lakini mimi naona kanisa letu lina Paulo wengi wa namna hiyo, na Barnaba wachache. Kijana akirudi mapema, tunamwita mkimbizi wa injili, hata kuimba mbele ya watu tunamkataza. Barnaba, ambaye jina lake alilopewa na mitume ni la mwenye kufariji, alimrudisha Marko Kipro, mahali alipopajua tayari, ndipo akaanza naye upya. Kazi ya pili aliipanga kufuatana na nguvu za mwanafunzi. Nayo ilizaa: Paulo mwenyewe, akiwa mfungwa, alimwandikia Timoteo amlete Marko kwa sababu anamfaa kwa kazi (2 Timoteo 4:11).

Kwetu Kongo tuna ushuhuda mwingine. Apolo Kivebulaya, Muganda, alifika Mboga mwaka 1896, ng'ambo ya mto Semliki, katika eneo ambalo leo ni la Ituri. Walimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka. Alifundisha watu kusoma, kwa maana wakati ule mwenye kumfuata Kristo aliitwa msomaji. Chifu Tabaro alimpinga. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa gerezani Fort Portal. Alishuhudia kwamba akiwa katika taabu hiyo alimwona Kristo akimwambia asiogope. Alirudi Mboga palepale alipoteswa, na chifu huyo baadaye alibatizwa. Kutoka 1921 alihubiri kwa Wambuti wa msitu, na alikufa Mboga mwaka 1933.

Angalieni: hata mtu mwenye nguvu kama Apolo alihitaji neno la kumtia moyo. Je, mwanafunzi wa miaka ishirini?

Kwa hiyo kikundi kinachokwenda kiwe na mkubwa mmoja wa kulala nao na kula nao, asiwe mtu wa kuhubiri Jumapili na kurudi hotelini. Jioni awasikilize kwanza, ndipo afundishe. Kijana aliyeota ndoto ya kurudi nyumbani asimfanyie hukumu. Wapime roho pamoja, kwa maombi, na kama ana homa apelekwe kwa daktari. Tena awakumbushe kwamba wanaowapokea walikuwa Wakristo na watu wenye akili kabla sisi hatujafika. Kwa kanisa linalobaki, barua moja ya mama wa parokia inaweza kumsimamisha kijana kuliko mahubiri matatu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Je, katika parokia yetu kuna kijana aliyerudi kabla ya wakati, na tangu hapo amekaa nyuma ya kanisa bila kazi? Ni nani atakwenda kumwona juma hili? Na Kipro yake ni wapi?