Siku ya Kutazama Ndege Hori la Mida

Kama hujawahi kutazama ndege wa pwani, anzia Hori la Mida, karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi. Hori ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hili limezungukwa na mikoko, na maji yakipwa hubaki matope mapana yaliyojaa kaa. Ukitoka Malindi, panda matatu ya Kilifi au Mombasa, umwambie kondakta akushushe Mida, ukishapita njia panda ya Gede.

Uende saa ngapi? Waulize wavuvi maji yanajaa lini, maana kila siku huchelewa kama dakika 50. Maji yakipwa kabisa, ndege hutawanyika mbali, usione ila vidoa. Fika yanapoanza kujaa. Yatawasukuma taratibu hadi karibu na daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, nawe utulie tu.

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi, wageni kutoka kaskazini ya dunia wakiwepo. Utaona sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, na pengine heroe. Lakini mtafute kwanza mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi. Hukimbia hatua chache, husimama, kisha humdunga kaa kwa mdomo wake mnene. Huzaliana pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja. Ukiona mwenye mgongo wa kijivu akimfuata mwenzake kwa kulialia, huyo ni mtoto, bado anadai kulishwa.

Darubini gani? Iliyoandikwa 8x42 yatosha: 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Inayokuza zaidi hutikisika mno kwenye upepo. Keti, tegemeza viwiko magotini, jua liwe mgongoni. Kama huna, azima. Programu ya simu iitwayo Merlin husaidia kutambua ndege, na ni ya bure.

Gharama ni nauli, kiingilio cha daraja na malipo ya kiongozi ukimtaka. Patana naye kabla hamjaondoka. Usinung'unikie kiingilio, kwani kimekuwa kikisaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa jirani.

Tafadhali, usiwakurupushe ndege upate picha. Wengine huruka hadi Siberia kuzaliana, na ifikapo Machi wanajaza mafuta ya safari. Kila wakikurupuka, hayo mafuta yanapungua.

Ukibakiwa na muda, nenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Huko ni wazi, upepo hurusha mchanga, kwa hiyo funika simu na darubini. Buabua hukaa makundi makundi kwenye fungu, wote wameelekea upepo unakotoka. Nenda na mwenyeji, kwa sababu mtoni mna viboko.