Mwani Nao Huona Njaa

Ndugu mkulima, mahindi yakikosa naitrojini majani ya chini hugeuka manjano, nawe huenda kutafuta mbolea. Je, umepata kuona mwani wenye njaa? Ukifika Kibuyuni, pwani ya Kwale, maji yakitoka, zitazame kamba zilizofungwa mwani.

Mwani hauna mizizi ya kunyonyea. Hula kwa mwili wote, na maji yanayoupitia ndiyo udongo wake. Jua huupa nguvu ya kujitengenezea sukari, lakini rangi inayopokea nuru ya jua hujengwa kwa naitrojini. Ikipungua, mwani hula akiba iliyo katika rangi yake, hupauka, na hukua polepole hata jua likiwaka vizuri. (Joto kali na maji ya mvua huupausha pia, kwa hiyo chunguza kwanza.)

Basi usifunge vitawi karibu karibu, wala mahali maji yanaposimama. Penye mkondo, chakula kipya hufika daima. Uhamishe mapema, vitawi vikianza kukatika, kazi ya majuma sita imepotea.

Mtu mmoja aliniuliza kama amwage mbolea baharini. Asifanye hivyo! Maji huichukua, na kidogo kinachobaki hulisha majani membamba ya kijani yanayoufunika mwani na kuuzuilia jua. Mbolea iliyochukuliwa na mvua shambani hufanya vivyo hivyo. Mto Mkurumudzi hutoka Shimba Hills ukaingia baharini Gazi; nawe unayelima huko juu, tengeneza matuta ya kuzuia maji, maana mbolea hiyo uliinunua kwa fedha zako.