Sufu Laini na Nguo za Starehe

SWALI: Mjomba wako wa Mbwara, mkoani Pwani, ameuza korosho na sasa anataka kununua kondoo wa sufu ili auze nyuzi laini za kufumia nguo. Mshauri, ukieleza sufu laini ni nini, kwa nini humfaa mvaaji, na kama mradi wake utafanikiwa.

MAELEZO

Watahiniwa hulijibu swali hili kwa sentensi moja: "Sufu ni ya baridi, Mbwara kuna joto, kwa hiyo haifai." Utaambulia alama chache. Sentensi hiyo imechanganya mambo mawili, yaani mahali anapoweza kuishi kondoo na mahali inapoweza kuvaliwa nguo. Yatenganishe tangu mwanzo.

Kabla ya hapo, angalia tahajia. Sufu hutoka kwa kondoo. Sufi hutoka kwenye tunda la msufi, mti unaoota pwani, nayo ndiyo inayojazwa kwenye mito na magodoro. Ukiandika sufi mahali pa sufu, msahihishaji atadhani unazungumzia mto wa kulalia.

Sufu hupimwa ulaini kwa unene wa unyuzi mmoja mmoja. Kipimo chake ni mikroni, na mikroni 1,000 ni sawa na milimita 1. Unywele wa binadamu huwa na mikroni 70 hivi. Unyuzi wa kondoo wa merino, aina iliyotoka Hispania na ambayo leo inafugwa zaidi Australia, huwa kati ya mikroni 17 na 24. Hapa ndipo ulipo ufunguo wa swali. Unyuzi mnene, wa mikroni 30 na kuendelea, haupindi ncha yake inapogusa ngozi, bali huchoma, na mtu hujikuna. Unyuzi mwembamba hupinda. Kwa hiyo mtu akikuambia "sufu inawasha", muulize ni sufu ya unene gani. Blanketi gumu na fulana ya merino zote ni sufu, lakini ngozi inazijua tofauti.

Starehe ya pili inatokana na jasho. Maabara zinapopima nyuzi katika hewa ya unyevu wa asilimia 65, sufu hubeba maji kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake, pamba asilimia 8 hivi, na polyesta haifiki hata asilimia 1. Sufu huyavuta maji yakiwa bado mvuke, yakaingia ndani ya unyuzi wenyewe, hivyo nguo haionekani imelowa. Pamba nayo hunywa jasho vizuri, lakini ikishalowa hugandamana na mwili na huchelewa kukauka. Shati la polyesta tupu, uliyelivaa saa nane mchana mwezi Februari unamjua adha yake.

Na joto? Unyuzi wa sufu una mikunjo, na mikunjo hiyo hunasa hewa. Hewa iliyonaswa ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke. Sweta nene hunasa hewa nyingi, kitambaa chembamba hunasa kidogo. Kwa hiyo kinachoamua ni unene wa kitambaa. Mfano mzuri uko hapa hapa pwani: bushuti la asili, linalovaliwa juu ya kanzu Zanzibar, Lamu na Oman, hufumwa kwa sufu nyembamba, na watu wamelivaa kwenye harusi na sherehe za Idi katika miji yenye joto kali. Ni vazi la heshima na halivaliwi kwenda shamba, lakini linatosha kuvunja ile hoja ya "sufu ni ya baridi tu".

Sasa turudi kwa mjomba. Nguo inaweza kuvaliwa Mbwara. Kondoo wa merino ndiye asiyeweza kukaa. Amebeba koti zito mwaka mzima, na hapo kuna joto pamoja na unyevunyevu. Malisho yenye majimaji huleta minyoo ya tumbo na kuoza kwato, na penye vichaka vyenye mbung'o kuna ndorobo pia. Taja mfano wa Kenya: mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere alileta kondoo wa merino Njoro, kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, na bado wengi walikufa kwa magonjwa. Ikiwa Njoro ilikuwa hivyo, bonde la Rufiji lingekuwaje?

Kondoo wetu wa asili, kama yule mwekundu wa Kimaasai, wamezoea. Wanastahimili minyoo kuliko merino. Lakini miili yao imefunikwa na nywele zaidi kuliko sufu, kwa hiyo hufugwa kwa ajili ya nyama. Mjomba akitaka kufuga, aanze na hao, auze nyama. Fedha ya korosho haiji mara mbili kwa mwaka.

JARIBIO LA NYUMBANI

Chomoa uzi mmoja kwenye nguo kuukuu, ushike kwa kibanio, uuguse moto ukiwa nje, na maji yawe karibu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, kwa sababu zote ni protini iitwayo keratini, na ukiuondoa motoni huzimika. Pamba hunuka kama karatasi na huacha jivu laini. Polyesta huyeyuka, kisha hugeuka donge gumu. Usiliguse likiwa la moto.

ZOEZI

1. Sweta la sufu la mtumba lilioshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, likasinyaa. Jingine lililowekwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo likatoboka. Eleza kila tukio. (Alama 6)

2. Shule moja ya Makete na moja ya Kibiti zinachagua kitambaa cha sare. Pendekeza kitambaa kwa kila shule, na utoe sababu zinazohusu jasho, hewa na gharama. (Alama 8)