Somo la Mikono: Kuzungumza na Ndugu Yetu Asiyesikia

Somo letu la mwezi huu lahitaji mikono iliyo huru. Basi aliyeshika jembe na aliweke chini, na mama mwenye mtoto amwombe mwenziwe ampokee kidogo. Lakini kabla ya mazoezi yatupasa kueleza jinsi tulivyolifikia somo hili, maana hatukulifikia kwa hekima yetu.

Katika mtaa wetu, huku Tarime tunakopakana na Serengeti, yuko ndugu mmoja ambaye jina lake hatutaliandika. Ni mtu mzima aliyepita miaka arobaini, hodari wa kuchunga ng'ombe na fundi wa kuezeka nyasi. Jumapili hufika kanisani kabla ya kengele, ingawa kengele yenyewe haisikii. Mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto alikuwa amekwisha anza kusema maneno, ndipo ikaja homa kali, shingo ikakakamaa, na alipopona hakugeuka tena akiitwa. Huenda ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Homa hiyo, pamoja na surua na usaha wa masikio usiotibiwa, imewaondolea watoto wengi kusikia. Shule hakupelekwa.

Tulimzoea ndugu huyu. Tulikuwa na ishara zetu kwake: njoo, kula, beba, ngoja, nenda. Sasa tukizihesabu twaona haya, kwa kuwa karibu zote zilikuwa amri.

Mwaka juzi, wakati wa mavuno ya ulezi, mama yake alifariki hospitalini. Siku ya mazishi na siku nyingi baadaye ndugu yetu alimwendea kila mmoja wetu, akashika ncha ya sikio lake, akaivuta chini, kisha akafungua viganja vyote viwili mbele yetu. Nasi tukamtikisia kichwa: ndiyo, ndugu, twajua kwamba husikii, pole sana. Tukampigapiga begani. Wazee wakaketi kuzungumza juu ya shamba na mifugo, naye ameketi papo hapo kwenye kigoda chake, wala hapakuwa na mmoja aliyemgeukia.

Aliyetufumbua macho ni dada mmoja kiziwi, mshonaji nguo mjini Tarime, ambaye alisoma katika shule ya viziwi. Alikuja mtaani kuwapima akina mama wa Umoja wa Mama sare zao, pamoja na kaka yake anayesikia na kujua alama. Dada huyo akaketi na ndugu yetu tangu asubuhi hadi jua la alasiri. Kisha akatueleza, kaka yake akitafsiri: sikio lile si sikio. Ni mama. Marehemu alikuwa na ncha za masikio zilizotobolewa na kurefushwa, kama walivyofanya bibi zetu Wakurya wa zamani, na tangu utotoni hilo ndilo jina alilompa kwa mikono. Alikuwa akituuliza: mama alisema nini juu yangu?

Na mama yake alikuwa amesema neno juu yake. Baadhi yetu tulikuwa kando ya kitanda, tukalisikia. Hatukumfikishia, kwa maana hatukuwa na lugha.

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. Tukatangaza darasa la Alhamisi baada ya sala ya jioni, na yule dada akakubali kutufundisha. Hayo yafuatayo ni machache tuliyopata kwake, pamoja na mengine tuliyosoma.

Kwanza tusahihishe ulimi wetu. Wengi tulikuwa tukimwita bubu. Viziwi wenyewe hawalipendi neno hilo, kwa kuwa lasema kwamba mtu hana la kusema. Waseme kiziwi, na chama chao chajiita hivyo bila kuona aibu: Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1993 chama hicho kilitoa kamusi ya lugha ya alama, na mwaka 2004 ikatoka nyingine kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kamusi za lugha kama ilivyo Kiswahili au Kikurya.

Lugha hii haikuanzia ofisini. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Siku zile walimu wa viziwi mahali pengi duniani walishikilia kwamba mtoto asome midomo na kutamka maneno, wala asitumie mikono. Shauri hilo lilipitishwa katika mkutano wa walimu uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880, nalo likawatesa watoto kwa miaka mia moja. Lakini watoto wakiwekwa pamoja bwenini watazungumza tu, na mikono yao ikaendelea. Kila shule ikawa na alama zake, na baadaye zikakutana.

Msomaji asiyeamini kwamba kusoma midomo ni kazi ngumu asimame mbele ya kioo, aseme bila sauti: baba, mama, papa. Tulifanya hivyo darasani. Midomo yafumba na kufumbua vilevile mara zote tatu. Basi mtoto aliyezaliwa kiziwi atajuaje ni nani aliyetajwa, mzazi wake au samaki? Tangu siku ile tumeacha kumpigia ndugu yetu kelele karibu na uso wake tukidhani tunamsaidia.

Afrika ilipata pia mtu wake wa kuamsha jambo hili, naye alikuwa kiziwi. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1925, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha viziwi cha Gallaudet. Mwaka 1957 akaja Ghana kuhubiri na kufungua shule ya viziwi. Kabla hajafa kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Twamtaja kwa sababu wako wazee wa kanisa waliotuuliza kama inafaa kiziwi awe mwalimu wa watu wanaosikia.

Sasa tunyoshe mikono. Herufi za mkono zitumikazo kwetu hufanywa kwa mkono mmoja, na baadhi zafanana na zile za kuandika. C ni mkono uliopindwa kama unashika bilauri. L ni kidole cha shahada kilichosimama na gumba lililonyoshwa kando. O ni vidole vyote vikikutana na gumba kufanya duara. V ni vidole viwili. Zilizobaki mwaweza kuzipata katika kamusi, au mje Alhamisi.

Lakini tunawaonya msifanye kosa letu. Sisi tulishika herufi kwa majuma matatu, tukaenda kwa fahari kumwandikia ndugu yetu jina lake hewani. Akatutazama vidole kama mtu anavyomtazama kuku akichakura. Hajui kusoma! Herufi ni za kumfaa aliyekwenda shule. Hata alama za kamusi nyingi hazijui, kwa kuwa hakuwahi kukaa na viziwi wenzake. Alichokuwa nacho ni lugha ya nyumbani, waliyoitengeneza yeye na mama yake kwa muda wa miaka arobaini, na aliyeijua pamoja naye tumekwisha mzika. Kwa hiyo dada mshonaji aliligeuza darasa. Akasema, kwanza nendeni kwake mkafundishwe. Alama zangu mtazipata baadaye, na yeye atazipata pamoja nanyi.

Tukaenda. Tulikuta anayo majina ya watu wote wa mtaa, na mengine hayakutupendeza. Katekista ni mtu anayesinzia. Mwenye duka ni kidole kinachoongeza uzito kwenye mizani. Mji wa Mugumu ni pembe za nyumbu, kwa ajili ya wanyama wa Serengeti, na ng'ombe ni pembe vilevile lakini zimepinda namna nyingine, nasi huzikosea mara kwa mara. Mnadani yeye ndiye bora kuliko sisi, kwa maana bei ya mifugo watu huonyeshana kwa vidole, na hapo hajawahi kudhulumiwa hata shilingi.

Mambo yaliyotusumbua zaidi ni mawili. La kwanza ni uso. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikiinuliwa sentensi imekuwa swali la ndiyo au siyo. Uso usipotikisika, mikono inasema nusu tu. Mzee mmoja wa kanisa alinung'unika kwamba tangu ujanani alifundishwa mwanamume asionyeshe moyo wake usoni, na leo uzeeni anaambiwa ainue nyusi mbele ya akina mama. Twamshukuru, sasa anaziinua vizuri kuliko sisi sote.

La pili ni mwendo wa alama. Kwa Kiswahili twabadili viambishi: nakupa, unanipa. Kwa mikono, alama ya kutoa husafiri. Ikitoka kifuani pangu kuja kwako, ni nakupa. Ikitoka kwako kuja kwangu, ni unanipa. Jaribuni sasa hivi, wawili wawili. Mtu akichelewesha mkono wake katikati, mwenzake hajui kama amepewa au ameombwa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mengine ni adabu tu. Usimrushie kiziwi jiwe dogo kumwita, kama tulivyozoea. Mguse begani, au punga mkono pale macho yake yanapofika. Usiwe na dirisha nyuma yako, kwa maana uso wako utakuwa giza. Usiku weka taa kati yenu. Mkiwa wengi, asemeni mmoja mmoja. Na mtu akicheka barazani, mweleze ndugu huyo kinachochekwa, asije akadhani ni yeye.

Tukafungua pia Marko, mlango wa 7, habari za yule kiziwi wa nchi ya Dekapoli. Tumehubiriwa habari hiyo mara nyingi, nasi tulikuwa twaharakisha kufika kwenye Efatha. Safari hii dada mshonaji alituzuia katika yale yaliyotangulia. Bwana alimtenga yule mtu na mkutano. Akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Alisema, tazameni, kabla hajatamka neno amekwisha mweleza kwa mikono yote atakayomfanyia, na yule mtu akaelewa. Katika Luka mlango wa 1 pia, ndugu na majirani walimuuliza Zakaria kwa ishara, na walimngoja ajibu kwa kuandika.

Jambo hili lilituchoma. Mara kadhaa watu wamemzunguka ndugu yetu wakamwekea mikono kichwani na kupaza sauti wakimwombea afunguliwe. Hatusemi kwamba kuomba ni kosa. Lakini hakuna aliyemweleza kwanza. Amemwambia dada mshonaji kwamba alidhani wanamfukuza, na ndiyo sababu alipata kukosa ibada majuma sita, nasi tukasema amerudi nyuma.

Mwezi wa tano wa darasa, tulikwenda nyumbani kwa marehemu kulipa deni letu. Tulikuwa katekista, wazee wawili, akina mama watatu, na dada mshonaji na kaka yake. Tulimwomba dada amweleze ndugu yetu yale maneno ya mama yake. Akakataa. Alisema, mliosikia ni ninyi, semeni ninyi.

Basi katekista akaketi mbele yake mahali penye mwanga. Akashika ncha ya sikio lake, akaivuta. Mama. Akaonyesha paji la uso, ugonjwa, kitanda, mkono ukitoka kinywani, alisema. Akamwonyesha yeye kwa kidole: wewe. Nyumba hii, yako. Asiiuze mtu. Na yule ng'ombe mwekundu, wako. Hapo katekista akakosea pembe, akampa nyumbu. Ndugu yetu akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akamshika mikono akazipinda pembe ipasavyo. Kisha akamfanyia ishara aanze tena tangu mwanzo.

Tulirudia mara tatu. Alipotosheka akainua vidole na nyusi pamoja: siku ngapi kabla ya kufa? Tukamjibu, mbili. Akatazama mlima kwa kitambo, akaenda kufungulia ng'ombe maji.

Kikao cha shamba kimepangwa upya baada ya Pasaka, kwa kuwa kaka yake mkubwa anayo maneno yake juu ya ile nyumba. Safari hii ndugu yetu atakaa upande wa mlangoni, jua likiwa nyuma yake, ili amwone kila anayesema. Dada mshonaji na kaka yake wameahidi kufika kwa basi la asubuhi.